Kichwa cha saa tatu na kichwa cha saa tisa

Jumatano, usiku

Wateja wangu wengi hawajui kwamba nina lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe, na sina mpango wa kuwatangazia. Wanachojua ni kuwa siku hizi fundi wao hapimi mtu baada ya adhuhuri. Wapo wanaosema naringa. Waseme.

Leo alasiri mmoja alinibembeleza mno, anasafiri kesho na basi la alfajiri, basi nikashika futikamba. Bega, kumi na tano na nusu. Niliisoma kwa sauti na masikio yangu yakaisikia. Nikageuka kuchukua daftari pale pale mezani, kalamu ikagusa karatasi, namba hakuna. Ningekuwa nimechanganya 15 na 16 ningeelewa, lakini palikuwa patupu kabisa. "Dada, samahani, hebu simama tena kidogo." Akacheka: "Fundi, una mawazo wewe!" Nikacheka naye. Maelezo yangetaka nguvu, na nguvu ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Hii watu huiita kusahau, na mimi sikubaliani nao. Vipimo vya wateja wa zamani ninavyo kichwani mpaka leo, hata yule aliyenitaka nifumue mshono mzima kwa ajili ya nusu inchi ya kiuno. Ukitaka kusahau kitu, sharti kiwe kimeingia kwanza. Namba ya leo macho yaliisoma, mdomo ukaitamka, ndani hapakuwa na wa kuipokea. Na jambo hili asubuhi halinipati. Saa tatu nakata gauni la rinda kumi huku napiga soga na jirani. Saa tisa, kichwa kile kile, hesabu ya robo inchi inanitoa jasho.

Uchovu wenyewe una taabu ya kuuelezea kwa sababu hakuna binadamu asiyechoka. Ukisema "nimechoka" unaambiwa pumzika, utakuwa sawa. Siku hizi nawaambia ndugu zangu wakumbuke malaria, si siku ya homa kali bali zile siku zinazofuata, umeshameza dawa, joto limeshuka, lakini ukipewa chenji huwezi kuihesabu na mtu akikusimulia jambo refu unamkatia njiani. Daktari alinieleza kwamba mfanano huo una sababu yake. Kinga ya mwili inapopigana hutoa kemikali za kupashana habari, na kemikali hizo huufikia ubongo na kuuamuru mwili utulie, ulale, uache mengine yote. Kwenye malaria vita vinakwisha. Kwenye lupasi kinga inaupiga mwili wake yenyewe, viungo, ngozi, figo, damu, na amri ya kutulia hubaki pale pale. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uchovu na ukungu wa akili huja pamoja na kuondoka pamoja.

Ila alinionya nisiitupie lupasi kila kitu. Aliniandikia kipimo cha damu, maana upungufu wa damu peke yake unatosha kumfanya mtu awe zezeta, na kipimo cha tezi ya shingo. Akauliza ninavyolala. Nikamwambia usiku namaliza nikitazama dari. Kumbe prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga niliyokuwa nikiimeza jioni, inafukuza usingizi, ikahamishiwa asubuhi. Akauliza tena, kwa upole, kama nina huzuni, kwa kuwa huzuni nayo inakula umakini. Swali hilo sikulijibu siku ile. Nililijibu kliniki iliyofuata.

(Dawa yangu nyingine ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyomeza utotoni kwa malaria kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001. Mama yangu aliposikia jina tu alianza kujikuna. Nilimwambia mimi hainiwashi, hakuamini.)

Jambo lililonikera sana ni kipimo cha akili. Niliambiwa nikariri maneno matano, nichore saa, nianzie 100 nikitoa saba saba. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Nikapita vizuri. Bila shaka nilipita! Ilikuwa asubuhi, chumba kimya, feni inazunguka, na kazi yangu ya kila siku ni kujumlisha na kutoa. Nilitoka pale nimeumia kuliko ningefeli, maana niliona nitaonekana mzushi. Daktari hakuniona hivyo. Alisema jambo hili linajulikana: tangu 1999 wataalamu wa Marekani wa magonjwa ya viungo waliorodhesha hali 19 za ubongo na neva zinazohusiana na lupasi, na matatizo ya kufikiri yamo. Tena watafiti wameona mara nyingi kuwa malalamiko ya mgonjwa kuhusu akili yake yanakwenda na kiwango cha uchovu na huzuni kuliko yanavyokwenda na alama za mtihani. Mimi nalisoma hivi: mtihani unapima ninachoweza kwa nusu saa nikijikaza. Haupimi ninacholipa baadaye. Siku ile nilirudi nyumbani nikalala mpaka magharibi na cherehani haikuguswa.

Kwa hiyo kazi nimeipanga upya. Kupima na kukata ni asubuhi, kitu ambacho mkasi ukishapita hakirudi. Alasiri ni pindo, vifungo, pasi, ovaloki, kazi ambazo mikono inazijua bila kuniuliza. Binti ninayemfundisha ndiye anayeandika. Mimi nataja, yeye anarudia kwa sauti huku akiandika. Mwanzoni aliona namtuma tu. Sasa namba ikimpa shaka ananirudisha, "Dada, pima tena," na ana haki.

Nimepoteza wateja kwa mpango huu, hasa wale wa kutoka kazini jioni, na fedha yao naikumbuka kila kodi ya chumba inapofika. Siwezi kujidai kwamba hesabu imekaa sawa.

Sasa nina oda ya sare za harusi hapa Ngamiani, na mama wa bibi harusi alitaka wote wapimwe Jumamosi jioni, wakitoka kikaoni. Nikamwambia Jumapili saa mbili asubuhi. "Fundi, saa mbili nani atakuwa ameamka?" Tumeishia saa nne kamili, waje watatu watatu, na binti awe na daftari. Mashangazi, amesema, hawezi kuwaahidia.