Kompyuta za saiba yangu Kondele zilivyohamia Linux

Nina saiba ndogo Kondele, hapa Kisumu, kando ya barabara ya kwenda Kakamega. Kuna kompyuta tano, printa mbili, na benchi la wanaosubiri. Watu huja kwa ajili ya eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), HELB (mikopo ya wanafunzi) na KUCCPS (nafasi za vyuo), na Juni ikikaribia kwisha wanajaa kwa ritani za kodi kwenye iTax. Lakini kinacholipa kodi ya chumba ni vijitabu vya mazishi. Hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, haiko mbali. Kila Jumatano na Alhamisi familia huja na picha za marehemu kwenye simu na wasifu ulioandikwa kwa mkono, zikitaka nakala mia au mia mbili kabla mwili haujaondoka kwenda Seme, Nyakach au Siaya. Kazi hiyo haingoji. Mtu akishazikwa, kijitabu kilichochelewa hakina kazi tena.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Microsoft ingeacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nilichohofia kwanza ni vijitabu. Mashine zangu ni za eksi-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, zenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne na kumbukumbu (RAM) ya GB 4. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na zangu hazifikii hapo. Zilikuwa nzima, zinafanya kazi kutwa, halafu naambiwa wakati wake umekwisha. Kulikuwa na nyongeza ya mwaka mmoja kwa aliyejiandikisha, lakini huko ni kuahirisha tu. Kubaki na mfumo usiopata tena viraka vya usalama, hali watu wananiamini na nywila zao na namba za vitambulisho, niliona ni kuwakosea wateja. Tena mbili kati ya mashine hizo fundi alikuwa ameziwekea Windows ya wizi. Maandishi hafifu pembeni mwa skrini yalinidai niilipie kila asubuhi, na sikuwahi kuwa na amani nayo.

Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Ndiye aliyeniambia habari za Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, na ndiye aliyenipa ushauri ambao mpaka leo naushukuru. "Anti, usiguse mfumo kwanza. Badilisha programu." Kwa miezi miwili basi, Windows ikiwa bado ipo, tuliondoa Word na Excel mbele ya macho ya wateja, tukaweka LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, na kivinjari cha Firefox. Wiki ya kwanza niliulizwa "Word iko wapi?" mpaka sauti ikakauka. Nilisimama nyuma ya kila kiti, nikaonyesha mahali pa kuandika, mahali pa kuhifadhi, mahali pa kuchapa. Wengi walichotaka ni kuandika barua ya kuomba kazi na kuondoka nayo, wala hawakujali programu inaitwaje. Huduma za serikali zote wanazozitafuta ziko ndani ya kivinjari. Mfumo ulipobadilika baadaye, kilichogeuka machoni mwao ni rangi ya skrini tu. Wanaohama kila kitu kwa siku moja wanajitesa bure, na wengi hurudi walikotoka.

Faili la Mint, toleo la Xfce ambalo ni jepesi, lilikuwa karibu GB 3, tukalipakua usiku. Tukingoja, mpwa wangu alinieleza kwamba moyo wa mfumo huu ulianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na kwamba Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndilo hili letu la utu. Nilifurahi kujua hivyo. Baadaye nilisoma kwamba mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kumbe walikuwepo watu waliotufikiria zamani hivyo.

Kabla ya kufuta chochote nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha nikaipeleka diski kwenye laptopu ya mpwa wangu na kufungua faili kumi na mbili hapa na pale kuhakikisha zinasomeka. Diski iliyojaa nakala ambazo hujazifungua si akiba. Kusakinisha kwenyewe hakukuwa na jambo. Unaanzisha kompyuta kwa flashi, Mint inafunguka bila kugusa diski, unaijaribu, ukiridhika unabonyeza kuisakinisha. Mashine ya kona, iliyokuwa ikinung'unika dakika nzima ikiwaka, sasa ilitulia ikiwa imetumia chini ya GB moja ya RAM kabla ya kufungua kivinjari.

Kosa langu lilikuwa hapo kwenye kujaribu. Nilijaribu Wi-Fi, sauti, kibodi, na video. Printa sikuijaribu.

Epson yangu ya matangi ya wino, ya majalada ya rangi, haikuleta taabu. Ila ile ya leza, ya kurasa za ndani, ilikuwa ya aina inayoitegemea draiva ya Windows, yaani programu ya kuiendesha printa, iupange ukurasa wote, yenyewe ipokee tu na kubandika wino. Mint ililiona jina lake vizuri kabisa. Natuma kazi, taa inapepesa mara mbili, karatasi haitoki. Nilikesha nayo siku tatu, nikaweka draiva hii na ile, nikapata ukurasa mmoja mweupe. Ilibidi mashine moja ibaki na Windows, leza ichomekwe hapo, na kila kazi igeuzwe PDF na kupelekwa kwa flashi. Mwishowe nilienda mjini kwa muuzaji wa printa za mitumba nikiwa na laptopu yenye Mint. Niliomba kuchomeka HP LaserJet P1102 palepale kwenye meza yake kabla ya kutoa pesa. Programu ya HPLIP, ambayo inakuja na Mint, ilitaka ipakue nyongeza moja ndogo. Nikaikubalia kwa bando la simu, na ukurasa wa majaribio ukatoka. Ndipo nikalipa. Ukitaka kuhama na unaishi kwa kuchapa, anza na printa. Mengine yote yana dawa.

Jingine lilikuwa fonti. Mteja mmoja kijana alileta CV yake ya ukurasa mmoja, ikafunguka kurasa mbili, mistari miwili ya wadhamini ikiwa imeangukia wa pili peke yake. Aliniangalia kama mtu aliyeharibiwa mali. Nilipochunguza nikaona CV iliandikwa kwa Calibri, ambayo Linux haiji nayo, kwa hiyo ilikuwa imechukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Ipo fonti ya bure iitwayo Carlito ambayo upana wa kila herufi yake ni sawasawa na wa Calibri. Nilifungua teminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika sudo apt install fonts-crosextra-carlito, nikafunga faili na kulifungua tena, na ile mistari miwili ikapanda mahali pake. Kwa Times New Roman kuna Liberation Serif, nayo ipo tangu mwanzo. Siku hiyohiyo niliweka Carlito kwenye mashine zote.

Ile iliyobaki na Windows niliwekea Mint pembeni, iwe na mifumo miwili, kwa sababu fomu fulani za Excel zenye makro, yaani amri za kujiendesha zenyewe, hazikubali kwingine. Kukazuka ajabu moja: saa nne asubuhi ukiwasha Windows inasema saa moja. Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 kwenye teminali ya Mint ilimaliza jambo hilo.

Na kuna furaha ambayo sikuitazamia. Mwanafunzi aliingia akiwa karibu kulia. "Mama, flashi yangu imekufa, na projekti yote imo humo." Kwenye Windows folda zake zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato za bandia, ukibofya hakuna kitu. Hicho ni kirusi cha kawaida hapa, hutembea kutoka saiba hadi saiba. Huzificha folda halisi na kuweka vivuli vyake juu. Nilichomeka flashi kwenye Mint. Folda iliyofichwa ikaonekana waziwazi, haina jina, ni nafasi tupu tu chini ya picha ya folda, na ndani yake sura zote tano za projekti. Nilinakili kazi yake, nikafuta vile vivuli na lile faili lililovileta. Kirusi kile kiliandikiwa Windows, kwa hiyo kwangu kilikuwa kimelala tu. Alishika kiti kwa mikono miwili, akavuta pumzi. Tangu siku hiyo wamekuja wengi wa namna hiyo, na kazi ya kusafisha flashi siitozi.

Vikabaki vijitabu. Violezo vyangu vya miaka minne vilikuwa vya Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. LibreOffice Draw huvifungua, lakini visanduku vya maandishi vilihama na fremu za maua zikatoweka. Nilihuzunika, kisha nikasoma kwamba Microsoft yenyewe inaiondoa Publisher Oktoba 2026, nikaona afadhali kujenga upya sasa kuliko siku ya haraka. Nilitumia Jumapili mbili kutengeneza kiolezo kimoja ndani ya Writer: jalada, ratiba ya ibada, wasifu, nyimbo, shukrani za familia. Writer ina chaguo la kuchapa kama kijitabu, linazipanga kurasa lenyewe. Kurasa kumi na mbili ndogo zinakaa kwenye karatasi tatu za A4, na ya kwanza hubeba ukurasa wa 12 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 11 nyuma yake. LaserJet haigeuzi karatasi, kwa hiyo unachapa upande wa mbele wote, unageuza rundo kwa mkono, unachapa wa nyuma. Nilipoteza karatasi nyingi kabla mkono haujajua ni upande gani wa kugeuzia.

Alhamisi ya kwanza ya kweli, alikuja mzee na watoto wawili wa kaka yake. Walitaka nakala 150. Nilichapa moja, nikaikunja mbele yao, nikaipiga pini mbili, nikampa. Aliisogeza karibu na dirisha, akasoma jina la kaka yake kwa sauti, polepole, na majina ya watoto mmoja mmoja. "Binti yangu, hapa pamekosewa. Hakuzaliwa 1948, ni 1946." Nilirekebisha, nikachapa tena ukurasa huo, akautazama na kuitikia kwa kichwa. Saa mbili usiku boksi lilikuwa limefungwa kamba, wakalibeba kwenda kutafuta matatu ya Bondo.