Tulivyochangisha Fedha za Kikundi kwa Kunadi Saa Zetu

Nilipokabidhiwa kazi ya mweka hazina katika kikundi chetu cha kujitolea chuoni, shughuli yetu kuu ilikuwa kuwafundisha watoto kusoma mwishoni mwa juma, na fedha zilizokuwamo hazikutosha kununua hata vitabu vya muhula mmoja. Mapendekezo ya kwanza ya wanachama yalikuwa yale yale ya kila mwaka: tuandike barua za maombi kwa makampuni, kisha tuchapishe fulana za kuuza. Barua niliziacha ziandikwe. Fulana nilizipinga waziwazi, kwa sababu mchapishaji hutaka kulipwa kabla ya kuuzwa hata moja, na mara nyingi hubaki rundo la saizi zisizomfaa mtu, huku fedha ya kikundi imelala humo.

Hoja yangu ilikuwa kwamba mwanafunzi hana fedha lakini ana ujuzi na muda, ilhali wahadhiri, wafanyakazi wa ofisi na wahitimu wanaoishi karibu na chuo wana kipato lakini muda umewabana. Tukaamua kunadi saa zetu za kazi. Kila mwanachama alijaza kadi akieleza anachoweza kufanya, kwa saa ngapi, siku zipi, na tarehe ya mwisho ya kudai huduma hiyo, kwani ahadi isiyo na tarehe humfuata mtu mpaka kwenye mitihani. Palikuwa na kadi ya kutengeneza baiskeli, ya kupiga picha za familia, ya kulima bustani, ya kufundisha gitaa. Jambo moja tulilikataza tangu mwanzo: hakuna kadi iliyoruhusiwa kugusa kazi za masomo za mtu mwingine, hata kwa jina la kuhariri, maana kikundi kinachofundisha watoto kusoma hakiwezi kuonekana kikiwaandikia watu wazima insha zao.

Bei za kuanzia tuliziweka chini makusudi. Mnada huchangamka pale watu wawili wanapoanza kushindana mapema, na bei kubwa ya mwanzo huwanyamazisha wote. Kadi iliyogombaniwa kuliko zote haikuwa ya picha wala ya gitaa, bali ya mwanafunzi mmoja mkimya aliyeandika, “Nitakaa nawe saa mbili nikupangie mafaili na picha zote zilizo kwenye kompyuta yako.” Wahadhiri wawili walipandishiana dau mpaka dalali wetu akasahau kugonga meza. Mshindi alilipa papo hapo, akapewa nusu ya kadi yenye sahihi ya mtoa huduma, na nusu nyingine ikabaki kwangu, ili ijulikane nani anamdai nani.

Mbinu ya pili ilikuwa ya makopo, nayo haihitaji maelezo mengi. Kila idara iliwekewa kopo lake, yote mahali pamoja: sarafu ziliongeza alama za idara, lakini noti iliyotumbukizwa ilipunguza alama kwa thamani yake. Kwa hiyo aliyetaka kuiangusha idara pinzani alilazimika kuipelekea noti kwenye kopo lake, na fedha zote, za kuongeza na za kupunguza, zilikuwa zetu. Sijaona mchezo mwingine ambamo uchokozi una faida kiasi hicho. Makopo yalihesabiwa kila jioni na watu wawili, kamwe si mmoja.

Mbinu iliyotuchukua muda mrefu kuipanga ni kusoma kwa ahadi, na mfano wake niliutoa mbali. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wanafunzi wamekuwa wakicheza dansi tangu 1973 katika mashindano ya ustahimilivu ya kuchangisha fedha, ambayo sasa huendelea kwa saa 46 bila wachezaji kuketi wala kulala, na tangu 1977 fedha hizo huelekezwa kwa watoto wenye saratani na familia zao. Nilichokipenda hapo ni kwamba mchangiaji huona mtu akitaabika kwa ajili ya jambo lenyewe. Kwa kuwa kazi yetu ni kusoma, tulisoma kwa sauti kwa kupokezana, mchana kutwa na usiku kucha, na kila mfadhili aliahidi kiasi fulani kwa kila ukurasa. Ahadi ni deni, lakini deni la aina hii hupotea kirahisi. Hivyo fomu yetu ilimtaka mfadhili ataje kiwango cha juu asichopenda kuvuka, jambo lililowatoa hofu wengi, na wasomaji walianza kukusanya malipo asubuhi iliyofuata, kabla msisimko haujapoa.

Hapo ndipo mhitimu mmoja alipojitolea kuongeza fedha zake juu ya zetu. Wenzangu walitaka tumwombe atoe mara tatu ya kila mchango. Niliwaeleza matokeo ya utafiti wa wanauchumi Dean Karlan na John List uliochapishwa 2007, ambapo barua zilipelekwa kwa wafadhili wa zamani wa shirika moja la Marekani: ahadi ya kulinganisha mchango, yaani mtu mwingine kuongeza fedha zake juu ya kila mchango, iliongeza mapato kwa kila barua kwa asilimia 19, lakini kupandisha uwiano kutoka moja kwa moja hadi mbili au tatu kwa moja hakukuongeza chochote cha maana. Tukamwomba atoe kiasi kilekile cha kila mchango mpaka kikomo alichokitaja mwenyewe, na tukaandika kikomo hicho juu kabisa ya kila fomu.

Hesabu zote nilizibandika kwenye ubao wa matangazo, mapato upande mmoja na vitabu vilivyonunuliwa upande wa pili, baada ya mwalimu mlezi kuzitia sahihi. Kadi ambazo hazikupata mnunuzi zilirudishwa kwa wenyewe. Zile ambazo huduma yake ilikuwa haijadaiwa nilimkabidhi mweka hazina aliyenifuata, pamoja na orodha ya wafadhili wa kurasa na kikomo cha kila mmoja.