Siku moja maabara Lubumbashi: kupima utumbo bila kamera

Saa 12 asubuhi. Natoka Katuba. Umeme ulikatika usiku, kwa hiyo nikifika tu naangalia kipimajoto cha friji. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vimesalimika.

Saa 2. Papa mmoja mwenye saratani ya utumbo mpana amekuja kupima damu. Wiki iliyopita alitundikiwa 5-FU, dawa ya kuua seli za saratani.

"Papa, tangu jana mulienda choo mara ngapi?"

"Iko sawa, mwanangu."

Mke wake akaguna: "Asikudanganye. Usiku kucha alikuwa chooni."

Wazee wetu hawapendi kutaja mambo ya choo mbele ya binti. Lakini dawa hizi hupiga seli zinazogawanyika haraka, na utando wa utumbo mdogo, unaojijenga upya kila siku 3 hadi 5, haunusuriki. Nikampa kopo la kuwekea choo.

Saa 4. Kwanza hadubini. Huku kwetu usipotafuta amiba na minyoo kwanza, utasingizia dawa bure. Sikuona kitu. Kisha kadi ya kalprotektini, protini inayoachwa na seli nyeupe za damu zinapokimbilia utumbo uliojeruhiwa na kuvimba. Mstari ulitokea hafifu, karibu usionekane.

Ningefurahi, kama si karatasi ya damu iliyokuwa pembeni: seli nyeupe 1,200 tu. Wa kuleta hiyo protini wenyewe wamekwisha! Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Kalprotektini ya chini isiaminiwe." Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo ziko chini, kwa hiyo kamera ya kuingizwa utumboni ingeweza kumfanya atokwe damu au kumletea maambukizi.

Saa 7. Nakula bukari na sombe, haraka. Ningekuwa na uwezo, ningepima sitrulini, asidi amino iliyo kwenye damu. Inatengenezwa na seli za utumbo mdogo. Utando ukiharibika hushuka kwenye damu, ukipona hupanda, na haitegemei seli nyeupe. Mashine yake hatuna. Huko Adelaide, Australia, watafiti wamejaribu hata pumzi: mgonjwa anakunywa sukari yenye kaboni-13, kaboni nzito kidogo inayotumika kama alama, na utumbo ulioumia ukishindwa kuivunja sukari hiyo, alama inayotoka kwenye pumzi yake huwa kidogo.

Saa 9. Potasiamu, chumvi ya damu inayopotea kwa kuhara, imeshuka. Daktari ameahirisha dozi na kumlaza Papa kwa dripu. Mke wake nimempa daftari: aandike kila safari ya choo, saa yake, na kama kuna damu. Papa amenuna, lakini mama ameshaanza kuchora mistari.