MX-5 ya zamani na mpya: ninavyozipima kabla ya kuchagua

Wengi wakilinganisha vizazi vya Mazda MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili lenye paa linalofunguka, huanza na nguvu za farasi. Vizazi ni vinne, na kwa mpangilio huitwa NA, NB, NC na ND. Mimi naziacha mwisho, maana haziamui kitu. NA ya mwaka 1989, iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ilikuwa na injini ya lita 1.6, farasi 120 na uzito wa kilo 940. ND ya 2015 yenye injini ya 1.5 ina farasi 131, na toleo lake jepesi zaidi ni kilo 990. Miaka 26, kilo 50 tu! Kinachotenganisha vizazi hivi vinne ni mahali kila kimoja kinapochakaa, na kama fundi wako anaweza kupatengeneza.

Kabla ya kuwasha injini napima upepo, matairi yakiwa baridi: psi 26 kwa NA na NB, 29 kwa NC na ND. Wajaza upepo wanapenda kupiga 35 kwa kila gari. NA yenye 35 hurukaruka kwenye kila kiraka cha lami, na mnunuzi huishia kulaumu shokomzoba zisizo na kosa.

Halafu maji. Kwenye NA na NB maji ya mvua hushuka kutoka kwenye turubai la paa, yakaingia kwenye matundu mawili yaliyo nyuma ya milango, karibu na mikanda ya viti, na kutokea chini ya gari mbele ya tairi la nyuma. Majani yakiziba matundu hayo, maji huingia chini ya kapeti na ndani ya kingo za chini ya milango, na chuma huoza kuanzia ndani. Namimina lita moja taratibu kila upande na kuangalia chini. Yasipotoka, nazibua kwa mpira laini; waya hutoboa njia yenyewe, na hapo umejiongezea kazi. Baada ya hapo nabonyeza chuma mbele ya tairi la nyuma kwa kidole gumba. Rangi mpya sehemu hiyo pekee hunitia shaka kuliko kutu inayoonekana.

NB, iliyotoka 1998, ina ugonjwa wake wa ziada, nao ni mbaya zaidi. Vyuma viwili vya chesisi vya mbele vina tabaka la kuimarisha ndani, na maji hukwama katikati ya tabaka hizo. Kutu hula kutoka ndani, kwa hiyo nje huonekana pazuri mpaka chuma kianze kuvimba. Lala chini, tumia tochi, pita na mkono kwenye vyuma vyote viwili. Uvimbe maana yake ni kukata na kuchomelea, na bampa, na mara nyingi vitu vingine vya mbele, lazima vitoke kwanza. Ukiinua gari kwa jeki usiguse ule mhimili mrefu wa alumini unaounganisha giaboksi na difu. Upo kwenye vizazi vyote vinne, na haukutengenezwa kubeba gari.

Kwa injini, NA ya 1.6 inasamehe sana: mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Lakini zile za mwanzo, hadi katikati ya 1991, zina krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) yenye ncha fupi. Boliti ya puli isipokazwa ipasavyo wakati wa kubadilisha mkanda, ufunguo wa puli, kile kichuma kidogo kinachoishika kwenye krankshafti, hulegea, mfereji wake hutanuka na taimingi hupotea. Utaitambua kwa puli yenye nafasi nne. Ya baadaye, yenye ncha ndefu, ina nane. Injini ikiwa inaunguruma, angalia puli kutoka mbele. Ikiyumba, ondoka.

Mlio wa tiki-tiki gari likiwa baridi usikutishe. Ni tapeti za haidroliki (visukuma valvu vinavyojazwa oili), na mara nyingi oili safi ya daraja sahihi huzinyamazisha. NB ya 1.8 ina tapeti ngumu, zisizo za haidroliki, kwa hiyo mlio kama huo kwake ni habari nyingine.

Giaboksi ya gia tano ikigoma kuingia gia ya pili asubuhi, badilisha oili kwanza: lita 2 za 75W-90. Watu wengi husahau kwamba chini ya gia lever kuna kibakuli chenye oili yake, kama mililita 80, na raba yake ikipasuka kinabaki kikavu. Raba mpya na oili kidogo hurudisha ule mguso mfupi, mkavu, ambao ndio sababu ya kununua gari hili.

NC, ya 2005 hadi 2015, inadharauliwa bure. Ni kubwa kidogo, lakini mtu mrefu anaingia, na injini yake inatumia cheni badala ya mkanda. Angalia tangi la plastiki la maji ya rejeta: likiwa la kahawia na limekauka, badilisha kabla halijapasuka, maana geji ya joto hukuonya umeshachelewa. Injini ya 2.0 haivumilii oili pungufu. Beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, ndizo zinazoumia. Pia omba alaimenti ifanyike kabla ya kulipa. Boliti za nyuma zikiwa zimegandana na bushi, alaimenti haiwezekani.

ND ndiyo bora kwa kuendesha, sina ubishi. Giaboksi za mwanzo ndizo zilizovunjika gia, na Mazda iliziboresha. Usukani unaovutika mbele na nyuma ulikuja na maboresho ya 2018, jambo kubwa kwa mwenye miguu mirefu.

Kwa matumizi ya kwetu kuna kitu kidogo kinachonisukuma kwenye NA, NB au ND: rimu zao ni 4x100 (boliti nne kwenye duara la milimita 100) zenye tundu la kati la milimita 54.1, kama za Vitz. NC ni 5x114.3. Ila jaribu kuivalisha rimu na kuizungusha kabla ya kununua, kwa sababu kalipa inaweza kugusa.

Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo NA na NB hutafutwa zilizokwisha kuingia nchini. Soma namba ya chesisi: NA6CE ni 1.6, NA8C ni 1.8. Vipuri viagizwe kwa namba hiyo, si kwa mwaka. Diski za breki za mbele za 1.6 ni milimita 235, za 1.8 ni 255. Sahani ya klachi ni 200 dhidi ya 215, na difu pia ni tofauti.