Kichwa kikigoma kilomita ya 30: jinsi ya kutatua

Marathoni ya Kampala, kilomita ya 30. Miguu bado ipo, lakini kichwa kinasema "tembea tu". Mara nyingi huo si woga. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli unaanza kuisha, na ubongo unakanyaga breki mapema.

Kwa hiyo dawa inaanzia tumboni: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 40, kabla hujasikia njaa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25.

Kisha mwendo. Anayelenga saa 4 anahitaji dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Kilomita tano za kwanza azimalize kwa dakika 29, si 27. Umati ndio unaokuvuta uanze kasi mno, na vilima vya Kampala hudai deni hilo baadaye.

Sasa kichwa chenyewe. Sahau kilomita zote 42.195, lenga meza ya maji inayofuata tu. Kwenye mlima hesabu hatua hadi 100, uanze tena, macho mita 15 mbele, kamwe si kileleni. Mabega chini, vidole vilegee kama umeshika yai. Chagua neno linalokwenda na pumzi, "po-le, po-le", na ulizoeze kwenye mazoezi ya mbio ndefu kwa wiki 6, la sivyo siku yenyewe halitakuja.

Mbio huamuliwa mwishoni: Stephen Kiprotich, Mganda wa Kapchorwa, alichomoka karibu na kilomita ya 37 kwenye marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, akiwaacha Wakenya wawili.

Kizunguzungu au kifua kubana ni jambo jingine kabisa: simama.