Mlio wa kofuli

Juzi, Mbagala Rangi Tatu, konda alipiga bodi la daladala kwa kiganja: pa! Abiria wenzangu hata hawakugeuka. Mimi nilikuwa nimeshasimama, mkono mlangoni. Nina miaka 39.

Baba akirudi usiku tulimsoma kwa kofuli. Likifunguka mara moja, tunalala. Funguo zikikwaruza kutafuta tundu, kaka ananifinya mguu, tunapita mlango wa uani hadi kwa jirani. Tandika hiyo, saa saba usiku. Nilikuwa nalala na sare ya shule, asubuhi nisilazimike kurudi kuifuata. Mpaka leo ndala zangu naziweka zikielekea mlangoni. Mume wangu anadhani ni unadhifu.

Presha yangu ilipofika 162 kwa 104, nesi aliniuliza, "Dada, unaongeza chumvi mezani?" Siongezi. "Kwenu kuna mwenye presha?" Baba. Akaandika, tukamaliza. Sikatai, huenda nimerithi. Lakini kofuli halina mstari kwenye ile fomu.

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha majibu ya watu zaidi ya 9,000 wa San Diego, wengi wao watu wazima wenye kazi na bima. Waliwauliza ya utotoni: kipigo, matusi, kuingiliwa, mama kupigwa, mlevi ndani ya nyumba. Kadiri aina za mateso zilivyoongezeka, ndivyo magonjwa ya moyo, sonona na ulevi yalivyozidi. Nilijihesabia kwa vidole ndani ya gari, na kabla ya Mtoni kwa Aziz Ali mkono mmoja ulikuwa umejaa. Najua hesabu hiyo si ramli. Ila mwili wa mtoto ukishtuliwa kila usiku, moyo ukienda mbio na homoni za hofu zikimwagika miaka nenda rudi, huzoea kukaa macho hata mwenye funguo akishazikwa.

Nikampigia kaka. "Aa, wewe nawe! Nani hakupigwa?" Hakukosea sana: utafiti uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nikanyamaza. Naye akanyamaza, nikasikia feni yake.

"Hivyo vidonge wamekupa vya jina gani?" akauliza. "Maana vyangu vinanivimbisha miguu."