Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani, Iringa, na nyota za mama wa Mafinga

Saa 12 na nusu asubuhi. Baridi ya Julai hapa Iringa haina adabu. Bajaji kutoka Kihesa mpaka Miyomboni, mikono kwapani. Nafungua, nawasha mkaa wa pasi, natia mafuta cherehani. Mpaka saa 3 nimeshapunguza sketi za shule na kubadilisha zipu ya konda mmoja aliyekuwa ananisubiri mlangoni kajifunga shuka. Wengi wanadhani ufundi wetu unaishia hapo: kukanyaga, kukata uzi, kudai hela.

Saa 3 na robo anaingia mama mmoja.

"Kamwene."

"Kamwene mama, karibu ukae."

Katoka Mafinga na basi la asubuhi, anataka kurudi na la mchana. Ana mfuko umejaa vitenge, karatasi za steshenari na simu yenye kioo kilichopasuka. Mdogo wake anaishi Marekani, kamtumia maelekezo ya blanketi la vipande, lile la nyota. Mkwe wa mama amejifungua, anataka kumpelekea zawadi.

"Ni viraka tu, fundi. Wewe unganisha tu."

"Tu" mbili kwa mkupuo. Nikamwambia binti ninayemfundisha kazi aweke sare pembeni.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kwilti, yaani blanketi hilo la vipande, ni tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu zote zinapigwa mshono pamoja. Nyota aliyotaka mama, Wamarekani wanaiita Friendship Star. Boksi moja, yaani mraba mmoja wenye nyota, lina vyumba tisa, tatu kwa tatu. Katikati mraba wa rangi, kwenye kona nne miraba minne mitupu, na vyumba vinne vilivyobaki kila kimoja ni pembetatu mbili zilizoungwa, moja nyeupe na moja ya rangi. Boksi likiisha lina inchi 12. Yanatakiwa 20, manne kwa matano, blanketi la inchi 48 kwa 60. Ukiitazama picha unaona kazi ya mtoto.

Sasa soma maelekezo. Mdogo mtu alikuwa ameyaandika upya kwenye WhatsApp, na mstari wa kwanza wa kukata unasema: miraba ya 47/8.

Basi. Hakuna maelezo mengine.

Binti yangu hesabu anaziweza, akatoa simu akagawa. "Fundi, ni tano na saba ya nane."

"Si ndiyo hiyo?" mama akadakia. "Kata sasa, gari litaniacha."

Nikauweka mkasi chini. Nikamwomba ampigie mdogo wake. Akanijibu kule ni usiku wa manane, na kweli, saa 4 asubuhi yetu New York ni saa 9 usiku. Kwa hiyo tukabaki na akili zetu wenyewe na kipande cha chaki.

Hesabu yenyewe ni hii. Boksi ni inchi 12, vyumba vitatu kwa upande, kwa hiyo kila chumba kinaisha na inchi 4. Mraba mtupu unakatwa nne na nusu, maana robo inchi inaliwa na mshono kila upande. Hilo lilikuwa limeandikwa vizuri. Lakini pembetatu ina mshono wa tatu, ule wa mshazari, nao unakula kitambaa chake. Ndiyo maana mraba unaokatwa kona kwa kona kutoa pembetatu mbili hauongezwi nusu inchi, unaongezwa saba ya nane. Nne jumlisha saba ya nane. Nafasi kati ya 4 na 7 ilipotea mtu alipokuwa anachapa, nne na saba ya nane ikasomeka arobaini na saba kwa nane. Tungekata tano na saba ya nane, kila pembetatu ingezidi kwa inchi nzima na isingekaa na mwenzake hata kwa kubembelezwa.

Nilimweleza mama yote hayo nikichora mezani. Akatazama saa ya ukutani. "Kwani fundi, viraka navyo vinapimwa?"

Saa 5 tukaingia kwenye karatasi za steshenari. Zina vielelezo vya kukatia, na pembeni kuna kimraba kidogo kilichoandikwa inchi 1. Wengi hukiruka. Mimi nikaweka futi kamba juu yake: hakifiki. Karatasi za Marekani zina upana wa inchi nane na nusu, A4 yetu ni milimita 210, ambazo hazifiki hata inchi nane na robo na nusu ya robo. Kijana wa steshenari kabonyeza "printi", mashine ikabana ukurasa uenee. Kielelezo cha nne na nusu kikawa kimepungua kama moja ya nane. Unaweza kusema si kitu. Zidisha kwa vyumba vitatu, kisha kwa maboksi manne ya upana: blanketi linakosa inchi moja na nusu kwenye zile 48. Nikazikunja karatasi, nikachora vielelezo vyangu kwenye boksi la biskuti.

Mama wakati huo anakula maandazi yangu na kumwambia mtu kwenye simu kwamba fundi bado hajaanza.

Wateja wengine wawili wamechungulia wakaondoka. Sare zimelala.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Maelekezo yanataka mshono wa robo inchi barabara, na sisi mafundi wa nguo tumezoea kuacha akiba, mtu akinenepa tumfungulie. Nikapima kutoka kwenye sindano, nikabandika plasta juu ya bamba la cherehani iwe mpaka. Halafu jaribio: vipande vitatu vyembamba vya inchi moja na nusu, unaviunga, ukipiga pasi cha katikati lazima kibaki inchi moja kamili. Kikabaki pungufu. Plasta ikasogezwa. Tena. Tena.

Kisha yale maelekezo ya "uso kwa uso", yaani nyuso za vipande zitazamane wakati wa kushona. Kitenge kizuri cha wax kina rangi pande zote mbili, kwa hiyo binti aliuliza uso ni upi, swali halali kabisa. Kwenye vitenge vya mama viwili vilikuwa vya bei rahisi, mgongo umepauka. Hivyo tukavitia alama ya chaki mgongoni. Kwenye vile vya wax nikamwambia ashone tu, asijitese.

Picha yenyewe ilikuwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo nyota ilitusumbua. Pembetatu zote nne lazima zielekee upande mmoja kama zinafukuzana. Geuza moja tu, nyota inavunjika mkono. Tulizipanga mezani, tukazizungusha, mama akasimama naye akaanza kuzizungusha, akapanga kitu kama kinu cha upepo kilichogongwa na lori. Akacheka mwenyewe. Hapo ndipo alipoacha kutaja gari.

Kupiga pasi nako kuna kanuni: mshono unalazwa upande wa kitambaa cheusi usionekane kwenye cheupe, na pasi unaikandamiza, huburuzi, maana ukiburuza mshazari unavutika. Pasi ya mkaa ikitoa cheche kwenye nyeupe umekwisha, kwa hiyo kila mara naipuliza majivu nje kwanza. Mgongo unauma mahali ambapo huwa hauumi.

Jioni, taa zimeshawashwa barabarani, boksi la kwanza likatoka. Nikalipima: kumi na mbili na nusu pande zote, ile nusu ikiwa ya mishono ya kuungia na wenzake. Mama akaligeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole penye kona zinapokutana.

"Haya, viraka vyote utanishonea kwa bei gani?"

"Laki moja na themanini. Pamba ya katikati utanunua mwenyewe."

"Fundi!"

Nikamwonyesha meza: chaki, hesabu, boksi la biskuti lililokatwakatwa, karatasi zake za steshenari. Sikushusha. Nikasema nusu kabla sijakata mengine 19. Akahesabu noti taratibu, akaongeza ya maandazi, akauliza gesti ya karibu ni ipi.